Siku Kogo Alipovaa Gambuti za Mwinjilisti

Mwezi uliopita nilirudi kijijini kwetu Kimulot, rafiki yangu, nikapigwa na butwaa. Nyumba ya Kogo, ndivyo tulivyomwita marehemu nyanya yetu, haipo tena. Palipokuwa na jiko lake pamepandwa majani chai hadi mtoni, na binamu yangu alinionyesha kwa fahari jinsi mashine inavyoyakata. Nilisimama nikinusa hewa kama mjinga. Nilikuwa natafuta harufu ya kibuyu kikisuguliwa kwa kijiti kilichoungua, tayari kutiwa mursik, maziwa yetu ya kugandisha.

Miaka ya tisini, nikiwa na miaka tisa, tulikuwa na mwinjilisti, mama aliyetoka upande wa magharibi. Alitembea vijiji vyote kutoka kwetu hadi Siongiroi, gambuti, zile buti za mpira, miguuni, Biblia ndani ya mfuko wa plastiki. Aliombea wagonjwa, alizika, alipatanisha majirani waliogombania mpaka. Sisi watoto tuliamini hachoki, na kwamba Mungu humjibu papo hapo.

Jumamosi moja alifika kwa Kogo amelowa chapachapa. Nilikuwa nyuma ya mlango nikichambua mboga za managu, nikamsikia.

“Kogo, mimi siwezi kuomba tena. Nafungua mdomo, hakuna kitu. Nimeandika barua ya kuacha kazi. Kesho nahubiri mara ya mwisho.”

Mboga ziliniponyoka. Kama yeye hakuweza, sisi wengine tulikuwa tunafanya nini kanisani?

Asubuhi Kogo alimpa kikombe kikubwa cha mursik, akamjazia tena, akamwambia ajinyooshe kidogo kabla ya ibada. Unajua mursik inavyoleta usingizi. Alipoanza kukoroma, Kogo, ambaye angenichapa kwa doa moja kwenye rinda la Jumapili, alivaa zile gambuti zenye matope chini ya gauni lake la kanisani. Nilimuuliza mwinjilisti atavaa nini.

“Hatavaa kitu,” akasema. “Atalala.”

Tuliingia kanisani gambuti zikipiga kwata kwata, nami natamani sakafu inimeze. Mzee wa kanisa akauliza mhubiri yuko wapi.

“Amelala,” Kogo akasema, amesimama mbele na matope yake. “Ametuombea miaka mitatu. Nani hapa amewahi kumuombea?”

Sijawahi kuona watu wazima wakiangalia miguu yao namna ile. Mzee wa kanisa ndiye aliyepiga magoti kwanza. Wakaomba wote pamoja, kwa Kipsigis na Kiswahili, hata mvua kwenye mabati hatukuisikia. Mahubiri hayakuwepo siku hiyo.

Mwinjilisti aliamka jioni, wakati wa kukamua ng'ombe, akakuta gambuti zimeoshwa, ziko kando ya moto. Kogo alipomweleza, alilia. Wakati wa chakula aliinamisha kichwa, akasema, “Baba,” akanyamaza. Kogo akaitikia amina. Asubuhi iliyofuata, ile barua ya kuacha kazi ilitumika kuwasha moto wa chai, na mwinjilisti akakaa nasi miaka mingine mingi.

Sijakuambia kwa nini nilirudi. Mimi pia ni mwinjilisti sasa, na tangu Pasaka nafungua mdomo, hakuna kitu. Nilikuwa nimekuja kulala kwa Kogo. Niliketi pale kwenye majani chai, nikavua viatu, nikaviweka kando, nikangoja. Hakuna mtu aliyekuja kuvichukua.