Kofia ya Mkono

Kwenye ofisi moja ya serikali, mtaa wa Ghubra, bibi aliyebuni mashine ya kushona kofia zetu za vitobo alikuwa akiomba hataza yake ya ubunifu iongezwe muda, watu wasije wakaiiga. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni.

"Haiongezeki, bibi, mpaka itoke sheria mpya," karani akamwambia.

"Miaka yote hiyo wanaume mmezikataa kofia za mashine, mwataka za mkono. Sasa ndo kwanza mnazowea, nanyi mwanifungia?"

Karani akaigusa kofia yake. "Mimi hii kanshonea mama, kwa mkono."

"Wewe si mtoto wa jirani yangu wa Wattaya? Mama'ko kanunua mashine kwangu, kaniapisha nisiseme."

Yangu kanishonea mke wangu, kwa mkono, ndivyo asemavyo. Nikaiacha foleni kabla bibi hajageuka nyuma.