Mifenesi Iliyomficha Mjomba

Dawa ya kuua magugu ina harufu kali yenye utamutamu, na ikishaingia puani haitoki upesi. Juzi nilikwenda duka la pembejeo kununua mbegu za nyanya, muuzaji akafungua kopo la dawa hiyo, nami nikatoka nje mikono mitupu. Yeye asingenielewa, lakini ninyi nitawaeleza.

Nilipokuwa mtoto tulikaa Kyebando, pembezoni mwa mji mkuu, wakati wa utawala wa kijeshi. Baba alikuwa mtu wa West Nile, alikotoka rais mwenyewe, dereva wa lori la matengenezo ya barabara. Mama alitoka Lira. Walipendana kwa Kiswahili na kugombana kwa Kiswahili. Uani kulikuwa na mifenesi miwili mikubwa, majani yameshikana hata mpita njia hakuona kitu. Nyuma yake palikuwa na kibanda, na humo aliishi kaka yake mama, Mjomba Okello. Alikuwa askari. Wenzake wa kwao Lira walianza kuchukuliwa kambini mmoja mmoja wasirudi, naye akatoroka. Mimi niliambiwa anaumwa na hatakiwi kupigwa na jua.

Ndipo chifu wa mtaa akapita akitangaza kwamba kila mtu afyeke uani kwake, maana makondo, wale majambazi wa bunduki, wanajificha kwenye nyasi. Baba hakutaka mtu apate sababu ya kuingia kwetu. Alileta dawa ya kazini, ile ya kuulia nyasi za barabarani, akanyunyizia ua mzima mpaka mashinani mwa mifenesi. Jioni mvua ikanyesha, ikaishusha dawa mizizini.

Nyasi zilikufa vizuri, chifu akamsifu baba. Kisha majani ya mifenesi yakageuka njano na kuanza kupukutika. Jirani alimshauri baba aikate apate makaa. Mama akaja juu: "Hapana kata! Hii miti bado iko hai!" Alikwangua udongo wa juu akautupa, akachanganya vumbi la makaa kwenye uliobaki, maana alisikia makaa hunywa sumu. Jua lilipokaza, baba alimbebea maji. Nilimhurumia baba sana.

Mjomba naye akanibunia mchezo. Kila asubuhi nilisimama barabarani nikitazama kwetu, kisha nikarudi kumwambia nimeona nini. Mwanzoni niliona birika tu. Baadaye nikaona mlango wa kibanda. Asubuhi moja nikarudi mbio, nikirukaruka: "Mjomba, leo mimi naona wewe! Naona mpaka shati yako!" Alicheka, akaninyanyua juu, akanipa sukari yake ya chai, na sukari siku zile ilikuwa haionekani. Nililamba mpaka vidole.

Kesho yake mchana alitoka amevaa kanzu ya baba, akisukuma baiskeli yenye mkungu wa matoke, kama mchuuzi yeyote. Hatukumwona tena, wala hatukupata habari zake.

Mvua zilizofuata, mifenesi ilichipua. Majani ya kwanza yalikuwa madogo, yamekunjamana. Yaliyofuata yakaja mazito, yakaziba ua wote. Majirani walimpongeza mama. Mafenesi yalipoiva aliyauza yote, na baba hakuonja hata kipande. Nilishangaa watu waliookoa miti yao wanahuzunika nini.

Nilielewa ukubwani. Mtu mzima asingeweza kusimama barabarani akichungulia ua wake bila kuulizwa maswali, mtoto aliweza. Mimi ndiye niliyempelekea mjomba habari kwamba anaonekana, tena kwa furaha, na mpaka leo inaniuma. Mifenesi ilihitaji msimu mmoja tu ipone, na mjomba hakuwa nao.