Lenzi Iliyoigwa Pamoja na Ukungu Wake

Niliondoka Mwananyamala asubuhi bila kumwambia mtu ninakokwenda, kwa sababu hata mie sikujua. Nilimrudishia mama mwenye nyumba ufunguo, nikatia kamera na shati moja kwenye begi, na lenzi nikaivingirisha ndani ya soksi. Maisha yangu yamejaa asubuhi za namna hiyo. Shule niliiacha darasa la sita kule kwetu Kusini. Sikufukuzwa, malori yalipita nyuma ya darasa letu na nilitaka kujua yanaishia wapi. Tangu hapo nimebeba mizigo Kurasini, nimechomelea mageti, nimepaka rangi nyumba za watu Mbezi Beach, na miaka hii ya karibuni nimekuwa mpiga picha.

Asubuhi nyingine zote niliondoka na hamu. Hii niliondoka na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu ya lenzi.

Ni lenzi ya Kichina, mpya, iliyotengenezwa ifanane na lenzi ya zamani sana ambayo mtu kama mie hawezi hata kuigusa. Mwili wake ni wa shaba iliyopakwa rangi nyeusi, namba zimechongwa zikajazwa rangi ya njano, na pete yake ni nzito, unaizungusha taratibu kama kifuniko cha chupa ya asali. Haijilengi yenyewe. Unalenga wewe, kwa jicho lako. Na tundu lake ni kubwa mno: ukilifungua lote unapiga picha ndani ya kibanda kisicho na mwanga, bila flashi, na uso wa mtu unatoka kama unavyouona ukiwa umekaa naye mnaongea. Ila ukiifungua hivyo, kinachotoka wazi ni kipande chembamba tu. Ukilenga jicho, sikio limeshayeyuka.

Wapiga picha wenzangu wa harusi waliicheka. "Feki hiyo, braza. Umeuziwa pambo." Mie niliipenda kwa sababu walioiiga hawakuchagua mazuri peke yake. Waliiga mpaka makosa. Ile ya zamani ilikuwa inaweka ukungu mwepesi kuzunguka mwanga, na hii nayo inaweka. Aliyeniuzia alinieleza hivyo akanionesha picha kwenye simu yake, nikaamini kila neno. Kwa hiyo nilipochungulia kwenye kidirisha cha kamera nikaona ukungu, sikushtuka. Nikasema ndiyo tabia yake. Ukungu ulipozidi, nikausifia zaidi. Kuna kigurudumu kidogo pembeni ya kidirisha cha kukirekebisha kulingana na jicho la mtu. Nilikigeuza kidogo kidogo hadi kikagota, na bado sikujiuliza kitu. Kioo cha nyuma cha kamera yangu kilishakufa zamani, hivyo picha nilikuwa nazijua zikishatoka kusafishwa.

Siku moja kabla ya kuondoka nilimpelekea picha mchongaji mmoja wa vinyago pale Mwenge, mtu wa Kusini kama mie. Alitaka picha ya kumtumia mama yake kijijini. Nilikuwa nimempiga amekaa bandani, vinyago vimesimama nyuma yake. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akawaita wenzake.

"Hebu njooni nyie. Kinyago kimetoka mtu, mie nimetoka kinyago!"

"Kinyago gani? Wewe umetoka moshi wa mkaa," mmoja akamjibu.

"Mama yake akiipokea hiyo anaweka matanga," akadakia mwingine.

Walicheka mpaka patasi zikasimama. Kweli, kinyago cha nyuma kilikuwa kimetoka hadi alama za tupa, na yeye mwenyewe hana pua. Alicheka nao. Waliporudi kazini akanivuta pembeni. "Ndugu yangu, hata ile picha ya kwanza uliyonipiga ilikuwa hivi hivi. Bi mkubwa hajaniona miaka mingi. Anataka sura tu, basi." Nikamwambia ni lenzi, imelegea, nitaishughulikia. Usiku ule nilijilaza nikiwa nimeshaamua kwamba waliosema feki walikuwa sahihi.

Asubuhi hiyo basi nilitembea. Magomeni, Kariakoo, Keko. Mie nikiwa na hasira miguu ndiyo inayofikiri. Nilipofika Chang'ombe ndipo nikakumbuka kwamba Tandika kuna fundi wa simu anayefungua na kamera, nikakunja kuelekea huko.

Fundi alikuwa na meza chini ya ngazi za nje za nyumba ya ghorofa. Aliizungusha pete, akaimulika kwa tochi, akanyanyua midomo kama mtu aliyeonja kitu kitamu. Kisha akaifunga kwenye kamera yake, akapanga vizibo vya soda mezani kwa mshazari, kimoja nyuma ya kingine, akalenga cha katikati, akapiga. Akanionesha kwenye kioo, picha ameikuza. Cha katikati kilikuwa wazi hadi kutu yake.

"Lenzi yako nzima," akasema. "Nzuri kweli. Nani kakwambia mbovu?"

"Picha ndizo zinasema."

"Haya, piga wewe."

Nilichungulia, nikalenga cha katikati kwa uangalifu wote nilionao, nikapiga. Kikawa wazi kizibo cha mwisho kabisa. Nikarudia. Safari hii hakikuwa wazi hata kimoja.

Fundi hakucheka. Akaniambia nijaribu jicho la kushoto. Nikajaribu. Kikatoka cha nyuma ya kile nilichokitaka.

"Braza," akasema, anafuta mikono ambayo haikuwa na uchafu, "usiilaumu tena hii. Nenda wakakuangalie macho. Nenda leo leo."

Kliniki ya macho niliyokwenda haikuwa mbali na pale. Daktari alikuwa dada mdogo kuliko mie, mpole, na upole wake ulianza kunitisha kabla hajasema neno. Alinionesha kifuniko chekundu akaniuliza ni rangi gani. Nikajibu kahawia. Akanitia matone, akanimulika jicho moja, kisha la pili.

"Kaka, sitakudanganya. Mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa. Wa jicho la kulia umeshakwenda sehemu kubwa. Wa kushoto unaufuata."

"Miwani?"

"Miwani haisaidii hili."

"Operesheni?"

Akatikisa kichwa. "Kilichokufa hakirudi. Kuna vipimo vya kutafuta kinachouua huo mshipa, nakuandikia. Tukikipata, pengine tutachelewesha kilichobaki. Pengine."

Nikamuuliza picha inapitaje ndani ya mshipa, kama ni maji au kama umeme. Sijui kwa nini niliuliza. Ni kwamba nilitaka kujua. Akatabasamu, akachukua penseli na karatasi akaanza kunichorea, anaeleza huku ananionesha kwa ncha ya penseli. Nikawa naitikia kwa kichwa. Mistari ile sikuiona.

Kurudi Mwananyamala sikuweza. Kule Mwenge ni jirani, na mchongaji angeniuliza kama lenzi imepona. Nilishika barabara ya Kilwa, nikapanda gari la kwanza lililosimama, nikashuka lilipoishia, Kongowe, ambako sijawahi kulala. Jua lilikuwa bado juu. Kwa matone yale kila kitu kilikuwa kinawaka: mabati, nguo za watu, vumbi. Niliuliza gesti, nikaelekezwa kwa mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anachambua mchicha barazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Chumba? Vipo viwili."

Kimoja kilikuwa mbele, kina dirisha pana linalotazama barabara. Vyumba vyote nilivyowahi kupanga katika kuhangaika kwangu vilikuwa vya namna hiyo. Nilikuwaga nakaa dirishani naangalia watu wasionijua. Cha pili kilikuwa mwisho wa korido, kimepakana na bafu na bomba.

"Nipe hiki cha nyuma."

"Hiki? Giza hiki! Hata mchana nawashaga taa. Cha mbele bei ileile, mwanangu, hewa tele."

"Hiki hiki mama. Bomba liko karibu."

Aliniangalia, akaniachia. Nilifunga mlango, nikaweka begi chini. Nilifumba macho, nikaanza kutoka kitandani kwenda mlangoni, mkono ukutani, polepole, kisha kurudi. Safari ya kurudi niligonga muundi kwenye chaga ya kitanda hadi nikatoa sauti.

"Kuna nini huko?" mama akauliza kutoka korido.

"Hamna kitu, mama. Nakizoea chumba."

"Si uwashe taa?"

Nilikuwa nimeshaanza upya kutoka kitandani.