Muuza Mtama Aliyekaa Kutwa Baharini

Habari ya kifo chake ilinifikia asubuhi, nikiwa naparurana na sura ya riwaya isiyotaka kwisha. Aliyepiga simu ni muuza maharage wa soko la Majengo, Mrangi wa Kondoa ambaye kwa miaka mingi meza yake ilipakana na ya marehemu. "Mwandishi," aliniambia, "mtani wangu katangulia. Alikuwa amekaa tu uani kwake, anaota jua." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetetea shamba lake barazani: "Lakini kule melini aliinuka. Hilo silifuti kwa sababu ya msiba." Msomaji wangu, utanisamehe, nilicheka kabla sijalia. Wewe hukumfahamu mama huyu, wala hukuisikia kesi ya meli iliyounguruma sokoni kwetu tangu aliporudi kutoka baharini.

Aliuza mtama na uwele. Alizaliwa upande wa Gulwe, akaolewa Dodoma, akafiwa na mume, akalea watoto kwa ungo. Nilipopanga chumba jirani na soko nilimwamkia kila asubuhi, na sikumbuki hata mara moja kumkuta amekaa. Alipepeta amesimama, alikula amesimama, hata akizungumza nawe vidole vilikuwa vinachambua mawe kwenye mtama. Kisha binti yake, anayefua mashuka kwenye meli kubwa ya watalii, akampigia simu: wafanyakazi wameruhusiwa kila mmoja kumchukua mzazi, safari ni ya kutoka Dar es Salaam hadi Shelisheli. Soko lilisimama. Muuza maharage ndiye aliyeanza.

"Wewe, ukae melini? Utaomba ufagio kabla nanga haijang'oka!"

"Nitakaa."

"Mgogo wewe! Umezaliwa na mpini wa jembe mkononi."

"Mrangi, nisikilize. Kuna siku moja nzima meli haigusi nchi kavu. Siku hiyo nitakaa tangu jua lichomoze mpaka lizame. Nikishindwa, nitakuamkia shikamoo mbele ya soko zima, na mimi nimekupita umri. Nikiweza, utaniamkia wewe."

Watu walipiga makofi, maana yule bwana, kwa kisingizio cha utani, hakuwahi kumpa mama huyo shikamoo hata siku moja. Lakini mimi niliona vidole vya mama vimetulia juu ya ungo. Jioni aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, sijui kama naweza. Mama yangu alikufa ameshika mchi. Nataka nijue kama kukaa ni kwa watu wengine tu, au hata mimi kunanifaa."

Akapanda treni ya umeme, akaenda. Alichokiona huko alinisimulia mara nyingi, na kila mara uso wake ulirudi kwenye mwanga wa baharini. Alfajiri binti alimweka sitahani, kwenye kiti kirefu cha kujinyoosha. Jua likatoka majini. Bahari, alisema, ilikuwa kama mbuga ya Bahi baada ya masika, ila imeendelea mpaka mbingu imekubali kuinama. Hakuna kilima, hakuna ng'ombe, hakuna anayekuita. Mhudumu alipoleta maji ya matunda, mikono ya mama iliruka kumpokea sinia, akairudisha, akaikalia. Aliikalia mikono yake asubuhi nzima kama mtu aliyefunika kuku kwa tenga. Adhuhuri akaitoa, akaiweka mapajani, na kwa mara ya kwanza haikutafuta kitu. "Nikasikia moyo wangu unapiga," aliniambia. "Kumbe siku zote ulikuwa unapiga."

Ndipo wazungu wakaanza kuruka kwenye bwawa lililokuwa pale sitahani. Kwao Gulwe, kiangazi, watu hufukua visima kwenye mchanga wa mto mkavu, na anayetia mguu kwenye maji ya kunywa hutolewa kwa fimbo, awe mtoto wa nani. Mama huyu aliona maji safi katikati ya chumvi yote ile, akajua ndiyo akiba ya meli. Aliinuka. Alivua khanga ya begani akaipunga kama anayefukuza ndege shambani. "Tokeni! Tokeni kwenye maji ya watu! Mtatuua kwa kiu!" Hawakujua Kiswahili, lakini sauti ya mama mwenye hasira kila mtu anaijua. Walitoka mmoja mmoja, wanachuruzika, vichwa chini.

Binti alikuja mbio kutoka kwenye mashuka yake. "Mama, hayo ni ya kuogelea tu!"

"Ya kunywa yako wapi?"

"Yako chini, tele."

Akalitazama lile bwawa. Maji ya kuchezea, juu ya maji. Akacheka, akarudi kitini. Bibi mmoja wa kizungu, bado amelowa, akaja kukaa karibu naye, akamshika mkono, na hivyo ndivyo walivyokaa mpaka jua likazama.

Angeweza kuficha, nani sokoni angejua? Alisimulia yote, na kesi ikaanza siku hiyo hiyo. "Umeinuka!" muuza maharage alipiga kelele. "Nipe shikamoo yangu!" Mama akamjibu, "Nililinda maji. Mtoto akitumbukia kisimani, wewe ungebaki umekaa?" Hakuna aliyekubali kushindwa. Lakini alikuwa amerudi na kiti cha kukunja, akakikunjua nyuma ya meza yake, akatangaza kwamba kila siku mwanamke mmoja atakaa hapo kutwa na wenzake watamuuzia bidhaa zake. Kukaa huko wakakuita kupanda meli. Kwa zamu, muuza nyanya, muuza dagaa, mama wa karanga, wote walipanda. Siku mgongo ulipombana, hata muuza maharage alipanda, akidai anakikagua tu.

Mji wetu siku hizi unakimbia. Barabara zinachimbwa, maghorofa yanapanda, na sisi vijana wa kalamu tunajisifu kwa kutolala kana kwamba uchovu ni cheti. Mama huyu alitoka kwa watu wanaojua kulinda maji machache, akagundua kwamba mapumziko nayo ni kisima: yanafukuliwa kwa mikono, yanalindwa, na mtu hanywi peke yake.

Tulimzika Gulwe. Muuza maharage alikuja na kile kiti, akakifungua kando ya kaburi, akakaa. Wazee walimsihi ainuke, watu waweke mchanga. Akagoma, na kwa kuwa ni mtani hakuna aliyemgusa. "Mniache," alisema, "nami najaribu kukaa." Kisha aliinuka mwenyewe, akavua kofia yake.

"Jamani, nimefikiri. Aliinuka kwa ajili ya kiu ya watu asiowajua, kisha akarudi akakaa. Mimi ningebaki nimekaa, nikasema si kisima changu. Basi kesi imekwisha." Akainama mpaka mkono wake ukagusa udongo. "Shikamoo, dada."

Upepo ulipita kwenye mabua. Kisha wanawake wa soko, wale wote waliowahi kupanda meli, wakaitika kwa pamoja, "Marahabaa!" na vigelegele vikapanda pale makaburini mpaka ng'ombe waliokuwa mbali wakainua vichwa.

Niliporudi nilikunja sura yangu ya riwaya, nikaenda Majengo. Kiti kilikuwa mahali pake, na ilikuwa zamu ya muuza vitunguu, miguu ameinyoosha, macho ameyafumba. Muuza maharage alikuwa anapima mtama wa marehemu kwa niaba ya binti yule wa melini. Nimejifunza kwamba haki ya kukaa hatupewi na mwenye meli. Tunapeana sisi kwa sisi, kwa kushikiana meza. Nilichukua kibaba, nikasimama upande wa vitunguu, nikaanza kuuza.