Masikio ya Ng'ombe wa Bi Maziwa

Wanaosema ng'ombe wa maskini hazai hawakumjua Bi Maziwa. Wa kwake walizaa, tena majike matupu, na kwa maziwa yao mjane yule alisomesha wanawe hadi wakahamia mijini. Zizi lake alilifagia kuliko wengine wanavyofagia sebule. Majirani walimtania kwamba iko siku atawatandikia ng'ombe shuka, naye akawajibu kuwa shuka anazo.

Ukame ulipoingia mwaka wa pili, ng'ombe wakaanza kuanguka. Wenzake waliiacha mizoga kando ya njia. Bi Maziwa, aka! Mnyama aliyekulishia wanao umwachie mbwa? Alichimba mashimo nyuma ya zizi, yeye na mkamwana wake aliyebaki naye kijijini, akawazika kama walivyo, na hereni zao masikioni, zile za plastiki zenye namba ya serikali. Akabaki na mtamba mmoja tu, Kitinda.

Haukupita muda redio ikatangaza fidia ya dharura kwa wafugaji. Ushahidi wa ng'ombe aliyekufa ni sikio lenye hereni. Walioacha mizoga nje walichukua visu, wakaenda. Bi Maziwa alikwenda ofisini mikono mitupu, akamweleza bwana mifugo kila mnyama na rangi yake. Bwana mifugo hakuwa mtu mbaya, na chai ya mama huyu alishainywa sana. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akainamisha kichwa.

"Mama, mimi nakuamini. Ila wakubwa hawalipi imani, wanalipa sikio."

Na imani hailishi mtamba. Kitinda alikuwa mbavu nje, na nyasi za robota zilishapanda bei hata matajiri wanaguna. Bila fidia ile, zizi lingebaki tupu. Basi Bi Maziwa akarudi nyumbani, akachukua jembe. Mkamwana alimsihi watafute vibarua, akakataa. Aliwazika mwenyewe, atawafukua mwenyewe. Walijifunga kanga puani. Kila alipokata sikio alimtaja ng'ombe jina, akamwomba radhi. Uchungu wa siku ile, jamani, hata msiba wa mumewe haukuufikia. Mumewe alimzika mara moja.

Ofisini walipokea masikio, wakamwambia asubiri. Kawia ufike, walisema, kana kwamba njaa nayo inakawia. Alisubiri. Majani yalipokwisha kabisa, alianza kuchomoa nyasi za paa la jiko, akamlisha Kitinda konzi kwa konzi. Mkamwana alijaribu mzaha, kwamba sasa watapika wakihesabu nyota, lakini hakuna aliyecheka.

Asubuhi moja walimkuta Kitinda amelala ubavu, macho wazi, unyasi wa paa ungali mdomoni. Mkamwana alipiga magoti, akaangua kilio. Bi Maziwa hakulia. Aliingia ndani, akatoka na kisu.

"Mama, si ungengoja kidogo? Bado ana joto."

"Huyu sitaki kuja kumfukua, mwanangu."

Alilikata sikio, akaliosha, akalifunga vizuri kwenye mfuko. Kisha akaketi palepale zizini, akakipakata kichwa cha Kitinda, akalia.