Gaudensia na Kishikwambi Bafuni kwa Mkwe

Mwanangu Gaudensia hajawahi kufungwa jela, lakini Jumamosi moja ya mwezi wa kumi alikaa kwenye bafu la watu kuanzia chai ya asubuhi mpaka harufu ya dagaa wa mchana, na mimi mama yake nilikuwa humo humo nimemshikia kishikwambi. Bafu lenyewe ni la bati kuukuu, halina paa, upana wake ni mtu mmoja na ndoo yake. Sisi tulikuwa wawili, ndoo hatuna, na hakuna aliyeoga.

Gaudensia ni mtu wa Magamba, mkulima wa mahindi na karanga, mjane wa miaka mingi. Hajui kusema uongo. Sijui alimrithi nani, maana mimi mama yake niliwahi kumuuliza njia kiboko wa mto Katuma, akanielekeza kwa sikio la kushoto, na nikafika. Alizaa mabinti wawili. Mkubwa ni Restituta, ameolewa mjini Mpanda, kule Makanyagio, na kijana anaitwa Kelvin ambaye kazi yake ni kuwajazia watu fomu kwenye kompyuta. Mdogo ni Skolastika. Huyu aliugua homa akiwa na miaka miwili. Homa ilipoondoka iliondoka na masikio yake.

Wengine wangelia. Gaudensia alianza kusema kwa mikono. Hakufundishwa na mtu. Alianza na ugali, akaja maji, akaja njoo, akaja acha hiyo. Mtoto alipoanza kung'oka meno ya utoto, walikuwa tayari wanateta jikoni kwa vidole, wanawasengenya wageni mbele ya macho yao, mimi nimekaa katikati naambulia nusu. Baadaye mtoto akapelekwa shule ya viziwi, akajifunza ishara nyingine za wasomi na akajua kuandika. Akapata kazi Dodoma, kwenye karakana ya kushona sare za shule. Mama yake huku nyuma hajui herufi hata moja. Kwa hiyo kwa miaka minne Skolastika akawa anaandika ujumbe kwenye simu ya dada yake, Restituta anausoma, na Gaudensia anasikiliza mwanawe akitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine.

Ndipo ikaja posa. Kijana anaitwa Celestin, seremala wa huko huko Dodoma. Barua ilifikia mikononi mwa Hilari, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Gaudensia, kwa sababu baba akifa posa ya binti hupokelewa na ndugu zake. Hilari akatuita, akasema binti mwenyewe ameshaandika kwenye simu kwamba amekubali, basi yeye atapeleka jibu Jumapili inayofuata, misa ikiisha.

Gaudensia alikataa. Si kwamba alimkataa kijana, hakumjua. Alikataa yale maandishi. Skolastika kwenye maandishi ni mtu wa kukubali kila kitu. Mwaka juzi aliandika kwamba ni mzima, kumbe alikuwa amelazwa wiki mbili. Kwenye mikono hawezi. Mikono yake ikidanganya, mabega yanamsaliti, na mama yake anayajua mabega yale.

"Shemeji," akamwambia Hilari, "maneno ya simu yanaandikwa na yeyote mwenye kidole. Mimi nataka kuiona mikono yake."

"Ukaione kabla ya Jumapili," Hilari akasema. "Watu hawawezi kungoja mikono."

Tukajaribu kwa simu ya Restituta. Kioo chake kidogo, tena kimepasuka. Vidole vya mtoto vikaonekana kama kumbikumbi wanaogombana. Restituta akasema hapa kinatakiwa kishikwambi, kioo kipana. Jumanne tukaenda dukani kwa Zubery, karibu na soko. Zubery ni mfanyabiashara mpole, mtu wa maelezo, akikuuzia kiberiti anakueleza kila njiti. Akaweka viwili juu ya meza. Nikaapa ni mapacha, rangi moja, uzito mmoja.

Akatueleza kwamba si mapacha. Hiki kina mlango wa laini pembeni: unaweka laini, unanunua bando, kinatembea na wewe mpaka shambani, popote palipo na mnara. Hiki kingine hakina mlango. Kinakula waifai tu, pale ilipo waifai, na ukitoka hapo kinakuwa kioo cha kujitazamia. Tofauti ya bei yao ilikuwa gunia la karanga, na Gaudensia hakuwa na gunia jingine.

"Waifai utaipata wapi, mama?" Zubery akauliza.

"Kwa mwanangu."

Zubery akaridhika. Angeridhika mtu yeyote. Na mimi nilikuwepo pale, mimi ambaye mdomo wangu husemea hata visivyokuwepo, lakini siku hiyo nilikuwa najitazama kwenye kile kioo nikijiona bado mrembo.

Tulikuwa tumefika njiani ndipo Gaudensia akasimama. Nyumba ya binti yako ni nyumba ya mkwe wako. Kwetu, mama mkwe na mkwe hawatazamani. Mama mkwe akimwona anakuja, anaacha njia anaingia majanini. Haingii nyumba anayolala, hakai barazani kwake, hata kikombe chake hashiki. Hakuna ugomvi hapo, ni heshima, na Gaudensia ameishika miaka saba kuliko wengine wanavyoshika rozari. Akienda kumwona Restituta huwa wanakutana sokoni. Na kile kisanduku cha waifai kimekaa wapi? Juu ya kabati, sebuleni kwa Kelvin.

Nikamtuliza. Kelvin huondoka alfajiri kwenda kwenye kibanda chake mjini na kurudi jioni. Waifai yenyewe Restituta anasema inatoka mpaka uani, mpaka kwenye bafu la nje. Bafu halina kitanda, bafu si nyumba, utasimama humo utazungumza na mwanao, utaondoka. Jioni ile ile Restituta akakipeleka kishikwambi nyumbani kwake, akakiingiza kwenye waifai yao ili kikifika kiikumbuke chenyewe, akakirudisha, akamwonyesha mama yake picha ya Skolastika ya kubonyeza. Mambo yakawa yamenyooka.

Jumatano Kelvin akaanguka na pikipiki. Mguu ukavunjika, na simu ya Restituta, aliyokuwa anaipeleka kwa fundi wa kioo, ikasagika mfukoni mwake. Akafungwa plasta kuanzia gotini, akaambiwa akae nyumbani.

Sasa hesabu mwenyewe. Simu ya Restituta haipo. Kishikwambi hakina mlango wa laini. Waifai iko kwa mkwe, na mkwe yuko ndani usiku na mchana. Jumapili inakuja. Nilimwona Gaudensia Alhamisi amekaa na kile kitu mapajani, anakigeuza upande huu na upande ule, anatafuta kwa ukucha ule mlango ambao Zubery alimwambia haupo.

Jumamosi Restituta akaamkia sokoni kuuza dagaa wa Ikola. Alikuwa ameshampigia mfanyakazi mwenzake Skolastika wa karakanani kwa simu ya kitochi ya kuazima, akapanga kwamba mapumziko ya chai, saa nne, Skolastika awe tayari na simu yake. Mumewe hakumwambia lolote, maana kumtajia mtu kwamba mama mkwe wake atakuwa bafuni kwake ni aibu kubwa kuliko kumkuta humo. Sisi tukapita kwa majirani, tukaingia kwa nyuma kwenye uwazi wa ua, tukajibanza bafuni. Kelvin yuko ndani, tunasikia redio yake.

Kwa nini mimi? Kwa sababu mtu anayesema kwa mikono hawezi kushika kishikwambi. Angekishika kwa mkono mmoja angekuwa na kigugumizi.

Joto la mwezi wa kumi mnalijua nyie wa Mpanda, lile ambalo mishumaa ya kanisani inainama kusali kabla padri hajafika. Bado hatujabonyeza, tukasikia ko, ko, ko. Magongo. Kelvin ameshindwa kukaa chini ya bati, anatoka kutafuta upepo. Akavuta kiti mpaka kwenye kivuli cha jiko, hatua nane kutoka mlango wa bafu, akakaa akitutazama sisi, yaani akilitazama bati. Gaudensia alichuchumaa akawa mdogo kama mtoto wa miaka sita. Mimi vumbi likaniingia kooni, nikakohoa.

"Nani huko bafuni?"

"Ni mimi bibi yako, mume wangu. Naoga." Mimi ni bibi wa mke wake, kwa hiyo sisi ni watani, naruhusiwa kumwita hivyo na zaidi.

"Bibi, ndoo hii hapa nimeegemezea mguu."

"Sisi wa zamani tunaoga jua kwanza. Maji baadaye."

Akacheka mpaka kiti kikalia. "Oga basi, mke wangu, usiwe na haraka. Mimi nakulindia mlango."

Na akaulinda. Mimi ningeweza kutoka, nikamfinya shavu, nikaenda zangu. Gaudensia asingeweza. Mlango mmoja, na kwenye mlango huo mkwe.

Nikambonyezea ile picha. Duara likazunguka, likazunguka, mara Skolastika huyo, mkubwa, mzima, na nyuma yake vyerehani. Mikono ya Gaudensia ikaanza. Akauliza habari ya posa: alichora ndevu hewani, akaonyesha moyo, halafu akafungua viganja vyote viwili, yaani ni wewe au ni wao?

Skolastika akakaza uso. Akajipiga kifuani kwa kiganja, mara mbili, polepole. Ni mimi. Mabega yake yalikuwa yametulia kama maji ya mtungini. Halafu akamvuta mtu kwa shati akamketisha ubavuni mwake. Kijana mwembamba, vumbi la mbao kwenye nyusi. Celestin.

Gaudensia akageuza uso haraka akalitazama bati. Ni heshima ndiyo iliyomgeuza, hata hakufikiri. Nikamnong'oneza sikioni, "Huyo bado si mkwe. Posa haijajibiwa. Mtazame tu."

Akageuka. Celestin alikuwa ameshikwa na woga, anafuta jasho. Kisha akanyanyua kidole kimoja akakipitisha juu ya nyusi yake ya kushoto, taratibu. Gaudensia ana kovu pale, alipigwa na mpini wa jembe akiwa msichana, na hilo ndilo jina lake kwenye mikono ya Skolastika. Halimo kwenye ishara za shule yoyote. Lilizaliwa jikoni kwetu Magamba, na watu waliolijua walikuwa watatu, na mimi wa tatu ni wa kuambulia. Naye kijana akaendelea, kwa makosa makosa, kwa lugha ile ile ya jikoni: shikamoo, mvua huko vipi, karanga je. Yeye mwenyewe ni kiziwi, ana ishara zake za wasomi, lakini amejifunza zetu.

Gaudensia akamhoji muda mrefu. Anakunywa pombe kiasi gani. Mama yake yuko wapi. Skolastika akiumwa nani atasema kweli. Mikono yangu ilikuwa inakufa ganzi, na najua kwa nini alikuwa anachelewesha. Kabla hajakubali, huyu ni kijana wa watu, anaweza kumtazama. Akishakubali, hawezi tena. Na wale wawili wamekaa ubavu kwa ubavu ndani ya kioo kimoja.

Skolastika akamnyooshea mama yake kidole. Na wewe je?

Gaudensia akajipiga kifuani mara mbili. Kisha akageuka, akaegemeza paji la uso kwenye bati.

Mtoto hakuelewa. Alimwona mama yake amekubali na papo hapo amempa mgongo. Mikono yake ikaanza kuuliza, ikaongeza kasi, ikagonga kioo. Uso ukaanza kubomoka. Mimi mikono yote miwili iko kwenye kishikwambi, na hata ningekuwa na mikono minne, nusu ya lugha haitoshi kumweleza mtu jambo kama hilo. Kule nje Kelvin anaimba pamoja na redio. Nikauma pindo la kanga yangu kwa meno, nikalivuta, nikalishusha juu ya kioo upande aliokaa Celestin, mpaka akapotea yeye na nyusi zake.

"Geuka," nikasema kwa meno yaliyoshika nguo. "Nimemfunika."

Akageuka. Nusu ya kishikwambi ilikuwa kanga, nusu mwanawe. Skolastika alitazama ile nguo, akamtazama mama yake, akaelewa, akaweka mikono mdomoni akicheka huku machozi yanamtoka. Wakazungumza mpaka mapumziko yakaisha kule Dodoma na kioo kikawa cheusi.

Gaudensia akachuchumaa akakikumbatia. "Leo nampelekea Hilari neno kwamba ajibu ndiyo," akanong'ona. "Sasa nitatokaje?"

Nikachungulia kwenye tundu la msumari. Kelvin alikuwa ameegemeza magongo ukutani. Alikuwa amefunua sufuria la dagaa na kujipakulia, ananong'oneza na paka wa jirani, na ule mguu wa plasta ameupandisha vizuri juu ya ndoo kama mtu ambaye hana pa kwenda.

"Bibi," akaita, "jua halijakuishia?"