Mwendo wa Ijumaa

Nimekaa Nakuru, Kitale, Mombasa na hata Moshi, na hakuna mji hata mmoja kati ya hiyo ambao sikuuhama kabla mwili wangu haujazoea kitanda. Lakini popote ninapokuta mashine ya kusaga, husimama ubavuni mwa injini. Sisimami mbele ya gurudumu wala nyuma yake. Watu hudhani naogopa vumbi la unga.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini baba yangu alikuwa na mashine ya kusaga karibu na Keumbu. Injini yenyewe ilikuwa ya dizeli, kuukuu, aliyoinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akiuza shamba na kuhama. Ilikuwa na gurudumu zito la chuma cha kumimina, lililofika kifuani mwa mtu mzima, na mkanda mrefu wa ngozi ulitoka hapo hadi kwenye kinu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa nikingoja kazi ambayo haikuja, kwa hiyo niliendesha mashine siku zote za kazi isipokuwa Ijumaa. Ijumaa aliendesha baba mwenyewe.

Sisi ni Wasabato, na majirani zetu wengi vilevile. Jua likizama Ijumaa, kazi imekwisha mpaka Jumamosi jioni, na unga wa Sabato lazima uwe umeshafika nyumbani. Wiki nzima akina mama walikuja mmoja mmoja, wamechoka kwa kuchuma majani chai, wakiwa na debe la mahindi au la wimbi. Ijumaa walikuja wote. Ndiyo sababu baba alikuwa na kipande cha mpira, kilichokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, alichokifunga kwenye gavana, yaani kile chombo kinachoizuia injini isikimbie kupita kiasi. Mpira ukivuta, injini inakimbia, na foleni inapungua. Haikuwa siri. Ilikuwa Ijumaa tu.

Jumanne moja, mashine ikiwa imezimwa, nilikuwa nikifuta grisi kwenye gurudumu nikaona mstari mahali ambapo mkono wa gurudumu unaungana na ukingo wake. Nilipaka mafuta ya taa, nikafuta, kisha nikapaka vumbi la chaki juu yake. Baada ya muda mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani yalitoka yenyewe na kuchora mstari mwembamba kwenye chaki. Niliupima kwa rula yangu ya shule. Inchi mbili na robo.

Nilimwita baba.

"Mstari huo ulikuwapo tangu enzi za mzungu," alisema.

"Baba, huu si mstari. Ni ufa."

"Umeshaona magurudumu mangapi wewe?"

Hata hivyo alimtumia habari fundi mmoja wa Keroka, na fundi akajibu kwamba angekuja Jumatatu na keekee ya kutoboa chuma. Angetoboa tundu dogo mwishoni mwa ufa ili upoteze ukali wake. Kabla ya hapo hakuwa na nafasi. Baba alikataa kabisa kufunga mashine. Tukifunga, alisema, watu wataenda kwenye mashine ya Nyakoe, na wakishazoea Nyakoe hawarudi.

Usiku ule sikupata usingizi mzuri. Jumatano nilichora alama ya chaki kwenye mkanda, nikahesabu inapita mbele yangu mara ngapi kwa dakika. Mara sitini. Kesho yake, Alhamisi, nilipanda baiskeli hadi shule niliyosoma, njia ya kwenda Nyamira, kumtafuta mwalimu wangu wa hesabu. Alikuwa Mkamba mpole aliyesomea uinjinia miaka miwili kabla ya kugeukia ualimu, na vitabu vyake vya zamani bado alikuwa navyo.

Alinisikiliza bila kunikatiza. Akauliza upana wa ukingo, urefu wa ufa, na idadi niliyoihesabu.

"Na huo ndio mwendo wake?"

"Ndio, mwalimu."

Nilijibu upesi, kama mwanafunzi anayetaka alama.

Alinipeleka kwenye darasa tupu, akachora ubaoni. Chuma nacho huvutika na kurudi, alisema, ila kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Gurudumu linapozunguka, ukingo unataka kuruka nje, kwa hiyo unajivuta wenyewe pande zote. Alichora mivuto hiyo kama mistari ya maji ya mto, ikienda sambamba, halafu akachora ufa katikati yake. Mistari haikuweza kupita kwenye ufa. Ilizunguka na kusongamana kwenye ncha yake.

"Hapo ndipo chuma kinapoteseka," alisema. "Ukiikaribia ncha mara nne, mkazo unakuwa maradufu. Ikaribie tena mara nne, maradufu tena. Kwenye ncha yenyewe, hesabu inasema mkazo hauna mwisho."

"Basi mbona halijapasuka?"

"Swali zuri. Kwa hiyo hatuulizi mkazo wa kwenye ncha. Tunauliza ufa unaweza kuwa mrefu kiasi gani kabla chuma hakijashindwa."

Alikuwa na njia ya kuugeuza ufa kuwa duara kwenye karatasi, maana duara hutatulika kwa urahisi, kisha kulirudisha jibu kwenye ufa. Sehemu hiyo ilinipita. Niliyoyashika yalikuwa mawili. La kwanza, mkazo wa ukingo hukua kwa mraba wa mwendo. La pili, urefu wa ufa unaoruhusiwa hupungua kwa mraba wa mkazo. Ubao ulijaa, akafuta, ukajaa tena. Mwishoni alizungushia namba moja duara: inchi tano.

"Nimechukua chuma dhaifu kuliko vyote vilivyomo kitabuni, kwa sababu hatujui chenu kilimiminwa wapi. Kwa mwendo huo mtafika Jumatatu. Lakini msikae mbele yake wala nyuma yake."

Nilimpelekea baba habari hiyo, akafurahi. "Mwalimu wako amesoma," alisema. Lile la kutokaa mbele wala nyuma hakulijibu.

Ijumaa mvua ilianza saa nane mchana, ile mvua yetu isiyobisha hodi. Akina mama waliokuwa nje walikimbilia ndani ya banda na kukaa kwenye benchi la ukutani, nyuma ya gurudumu kabisa, wanane au tisa, madebe miguuni. Mimi nilikuwa nikibeba nafaka hadi kwenye kinu. Nikamwona baba akiinama na kufunga mpira. Sauti ya injini ikapanda.

Niliweka debe chini. Alama yangu ya chaki ilikuwa bado kwenye mkanda. Nilihesabu dakika nzima nikiomba nikosee. Sabini na tano.

Niliokota chaki, nikaandika mlangoni. Sabini na tano kwa sitini ni tano kwa nne. Mraba wake ni ishirini na tano kwa kumi na sita. Mraba tena, karibu mara mbili na nusu. Inchi tano ukizigawa kwa hiyo, zinabaki mbili tu na chembe. Ufa ulikuwa na mbili na robo tangu Jumanne.

"Mwanafunzi," aliita mama mmoja mwenye kitambaa cha kijani, "huo mlango umekukosea nini?"

"Mwache, anahesabu matone ya mvua," alijibu mwenzake, na benchi zima likacheka.

"Mama zangu, tafadhali hamieni upande ule."

"Upande ule kunavuja. Unataka tufike Sabato tumeloa kama kuku?"

Baba alikuwa amesimama mahali pake pa kila Ijumaa, kiganja juu ya mpira, kifua sawasawa na ukingo wa gurudumu. Nilimsogelea hadi sikioni.

"Baba, fungua mpira."

"Nini?"

"Mwalimu alihesabu mwendo wa Jumatano."

"Mwalimu alisema mpaka Jumatatu."

"Alisema hivyo kwa sababu sikumwambia habari za Ijumaa."

Alitazama foleni, akatazama nje palipokuwa pakififia. "Jua halikungoji wewe. Leta debe."

Nilipiga hatua tatu, nikavuta wenzo wa dizeli, nikazima.

Gurudumu lile halikusimama mara moja. Lilizunguka kwa uzito wake, likapunguza, likapunguza tena, na kwa muda huo wote nilisimama pale pale nikilitazama, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kumtazama baba. Liliposimama, kilichosikika ni mvua juu ya mabati.

"Washa," alisema baba.

"Hapana."

Sikuwahi kumwambia neno hilo maishani, tena mbele ya watu. Hakuna aliyecheka. Nilichukua kitambaa na mafuta ya taa, nikafuta, nikapaka chaki. Mstari ulitokea polepole. Niliweka rula, kisha nikampa baba.

Alipima mwenyewe. Akapima tena, akianzia upande wa pili. Inchi mbili na robo tatu.

"Leo imetosha," aliwaambia akina mama.

"Mzee, kesho tutakula nini?" aliuliza yule wa kitambaa cha kijani.

"Mna ndizi."

"Ndizi, ndizi. Mwishowe tutaota mikungu." Lakini alikuwa ameshainuka, na wote wakatoka mvuani, madebe vichwani, mahindi yao yakiwa mazima kama yalivyokuja.

Tulibaki wawili. Baba aliketi kwenye benchi lao.

"Nionyeshe hiyo hesabu."

Nilimwonyesha pale mlangoni, mstari kwa mstari. Aliacha shule darasa la pili, lakini kugawa alijua. Alifuata kwa kidole mpaka mwisho, kisha akauliza, "Likipasuka, vipande vinaenda wapi?"

Nilinyoosha mkono kuelekea mahali alipokuwa amesimama. Kisha kuelekea benchi alilolikalia.

Aliinuka, akashika upande mmoja wa benchi, nami nikashika wa pili, tukalihamishia kule kunakovuja.

"Fundi akija Jumatatu," alisema akiwa amenipa mgongo, "usimwambie kwamba wewe ndiye uliyezima. Mwambie ni mimi."

Jumatatu fundi alikuja, akapiga mluzi alipouona ufa, akauliza nani alikuwa na akili ya kuzima mapema. Nikamwambia ni baba.